Muhuri Niliougonga kwa Heshima

Vijana wa ofisini, mliniaga kwa keki na kalamu iliyochongwa jina langu, na jina lenyewe mkalikosea, halafu mkaniambia niandike kumbukumbu. Haya, naandika. Mshahara sitautaja, maana hata mke wangu hakuwahi kuambiwa wote, na vyeo mnavijua kwa sababu vilibandikwa mlangoni. Nitawaandikia kazi yenyewe ilivyokuwa mikononi, na zaidi kuhusu karatasi ile mnayoitoa siku hizi kwa kubonyeza kitufe huku mnakula chipsi: cheti cha kutodaiwa. Mimi mpaka leo nikikiona kikitoka kwenye mashine nashtuka kidogo, na nataka mjue kwa nini.

Nilifika Durban miaka ya tisini ikielekea mwisho. Zaire ilikuwa imebadilishwa jina majuzi tu, na sisi wenyewe tulikuwa bado tunakosea kulitaja. Kwetu Uvira nilikuwa karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Kazi yangu ilikuwa kuandika na kugonga kashe, yaani muhuri, na nilikuwa fundi kwelikweli: sikuwahi kuugonga ukapinda. Durban hawakuwa wanatafuta fundi wa kashe. Nikaanza kwa kulinda magari ufukweni, nikivaa kizibao cha njano na kupunga mkono kama mtu anayeongoza ndege, halafu nikapata kazi ya kufagia ngazi za jengo moja la flati huko Glenwood, lenye ghorofa saba.

Nilifagia kikarani. Niliweka daftari: taa ipi imeungua, bomba lipi linavuja, tarehe na saa, na mwisho wa kila ukurasa nikapiga mstari kwa rula. Siku moja akaja mama wa Kihindi mwenye miwani jozi mbili, moja usoni, nyingine kichwani. Alikuwa msimamizi wa jengo kutoka ofisini, jina lake Auntie Vimla, mkazi wa Sydenham. Akalikuta daftari juu ya ndoo, akalisoma akiwa amesimama, kurasa zote.

“Nani ameandika?”

“Mimi, Auntie.”

“Umejifunza wapi?”

“Congo.”

“Jumatatu uje ofisini. Shati lenye kola.”

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nyinyi mlisailiwa mara tatu, pamoja na mtihani wa kompyuta, na bado kuna mmoja wenu, simtaji, hawezi kupanga faili kwa alfabeti.

Jumatatu hiyo nilifika saa moja kabla ya mlango kufunguliwa. Auntie Vimla akaniuliza jina, nikasema naitwa Papa Bahati, kwa sababu kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Akaandika “Bahati” kwenye kadi, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja aliniita kwa jina la mwanangu. Sikumsahihisha. Mwanangu alipokuja kunitembelea ofisini walipata taabu kidogo.

Akanieleza kazi. Ofisi yetu ilisimamia majengo kwa niaba ya wenye flati. Kila mwenye flati analipa ada ya mwezi, watu wa Durban wanaiita levi, kwa ajili ya bima, rangi, maji, taa za ngazini na lifti. Wenye flati wote pamoja ndio chama cha jengo, nao huchagua wadhamini watatu wa kuamua mambo. Hadi hapo nilielewa, nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili. Kisha akafika kwenye jambo lililoniacha mdomo wazi. Mtu akitaka kuuza flati yake, alisema, hawezi kuikabidhi kwa mnunuzi mpaka chama kimpe cheti kwamba hadaiwi. Bila cheti, wakili hawezi kupeleka faili Pietermaritzburg kwenye ofisi ya hati, na ofisi ya hati haiandiki jina jipya. Mnunuzi awe na benki nyuma yake, muuzaji awe na haraka ya kufa mtu, nyumba haisogei.

“Hata akiwa mkubwa serikalini?” nikauliza.

“Hata akiwa mkubwa serikalini.”

“Hata akija na askari?”

Akavua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akanitazama vizuri. “Askari wa nini, Bahati?”

Kwetu nyumba ilikuwa ya yule aliyeingia mara ya mwisho na bunduki. Nyumba yangu ya Uvira, niliyoijenga tofali kwa tofali kwa miaka sita, ilikuwa imelaliwa na ndugu za kanali fulani, na hati yake iliteketea pamoja na ofisi ambamo mimi mwenyewe niliigonga muhuri. Sasa mama huyu ananiambia kuna nchi ambako nusu ukurasa inazuia jengo la zege. Nilimwona kama ananitania.

Basi wiki ya pili akanichukua kwa taksi hadi Pietermaritzburg nikajionee. Tulipanda ngazi, tukaingia kwenye chumba cha rafu. Wee! Rafu hadi darini, vitabu vizito vimejipanga, na ndani yake kila nyumba, kila kiwanja, kila flati ya jimbo zima, na majina ya wote waliowahi kuimiliki, mmoja baada ya mwingine. Karani mmoja akavuta kitabu, akanionyesha jengo letu la Glenwood, lile nililokuwa nikilifagia. Lilikuwamo. Nikaweka kidole changu pembeni ya mstari, sikuthubutu kuugusa. Machozi yakanitoka, nikasema ni vumbi, na Auntie Vimla akanipa leso bila kuuliza vumbi gani.

Niwaeleze vifaa, kwa sababu mnadhani tulifanya kazi kwa miujiza. Kila flati ilikuwa na kadi ngumu katika sanduku la chuma. Tulikuwa na taipureta, karatasi ya kaboni iliyotia vidole weusi wa kudumu, na mashine ya faksi iliyotapika karatasi inayojikunja. Na tulikuwa na mihuri miwili. Wa bluu ulikaa mezani, wa kugonga barua zilizoingia. Mwekundu ulikaa ndani ya droo yenye ufunguo, nao ulikuwa na kazi moja tu duniani: cheti cha kutodaiwa. Auntie Vimla alinipa ufunguo wa akiba mwezi wangu wa nne kazini, akasema, “Mwekundu haugusi karatasi kabla hela haijagusa benki.” Alikuwa ameitunza kanuni hiyo tangu alipoanza kazi akiwa msichana, na hakuwahi kuivunja, hata kwa dada yake mwenyewe alipouza flati yake. Dada yake alikasirika krismasi mbili.

Sasa nifike kwa Mama Neema.

Katika jengo lile la Glenwood, ghorofa ya pili, kulikuwa na familia moja tu ya kwetu. Baba alikuwa daktari kutoka Bukavu, alifika zamani kidogo, akafanya kazi hospitalini na kununua flati. Halafu akaugua, akafariki, mjane akabaki na deni la benki na kazi ya kusuka nywele saluni. Binti zao wawili, Neema wa miaka kumi na mbili na Furaha wa minane, hawakuwa Durban. Walikuwa wamepelekwa Bukavu kumsalimia bibi yao, vita vikawakuta huko, wakatolewa hadi Nairobi kwa binamu wa baba yao. Mama yao alikuwa hajawaona kwa miaka miwili. Sasa binamu yule alikuwa amepata karatasi za kwenda Canada, angeondoka mwisho wa mwezi, na alikuwa amesema wazi: aje mtu awachukue wasichana, au atawaacha kwa jirani. Mama Neema akaamua kuuza flati. Akapata wanunuzi, mume na mke walimu, na mkataba wao ulisema hivi: ikiwa faili halitakuwa tayari kwa wakili hadi Ijumaa fulani, wanaweza kujitoa. Walikuwa tayari wameona flati nyingine.

Akaja ofisini Jumatatu ya wiki hiyo, barua yetu mkononi, hasira usoni. Barua ile ilikuwa imeorodhesha ada zote za kulipa kabla ya kuuza: levi za miezi tangu mumewe alipofariki, miezi miwili ya mbele, gharama ya kuandika cheti, na ada maalumu ya kutengeneza lifti. Lifti ilikuwa imekufa wiki tano.

“Papa Bahati, iko nini hii?” akaniambia, akaitupa mezani. “Four thousand rand! Nyumba ni yangu, bwana yangu alinunua na jasho yake, sasa munasema nilipe juu ya kuuza kitu yangu? Hiyo kama si matabishi ni nini?”

Matabishi ni rushwa, kwa wale msiojua Kiswahili cha kwetu. Nilimwelewa kabisa. Kwetu ukiona ofisi inadai hela ndipo ikupe karatasi, unajua mtoto wa mtu anataka kununuliwa viatu. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamweleza kadi kwa kadi: hii ni bima, hii ni rangi, hii ni lifti, wote wamegawana, hata mzee anayeishi peke yake ghorofa ya saba. Nikamweleza na habari ya Pietermaritzburg, nikajikuta nanyanyua mikono kama mhubiri. Polepole akalainika.

“Sawa. Lakini sina hiyo franga, Papa Bahati. Nitaipata siku flati inauzwa. Mbele ya hapo nitatoa wapi?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Njia ipo, na nyinyi mnaitumia kila wiki: wakili anaandika barua ya dhamana kwamba atakata ada kwenye hela ya mauzo, chama kinakubali, cheti kinatoka. Lakini jengo lile wadhamini hawakuwahi kukubali dhamana. Hela mkononi, basi. Nikamwahidi nitamwomba Auntie Vimla awaombe.

Akasimama kuondoka, kisha akageuka. “Unipatie hii barua na kashe. Bashemeji ya Bukavu banasema nakula mali ya mayatima. Nikibatumia karatasi haina kashe, habatasadiki. Batasema nimeiandika mimi.”

Vijana, hapa ndipo nilipoharibu. Mtu wa kwetu akikuomba kashe anakuomba umheshimu. Kumpa mjane barua tupu, nyeupe, wakati mimi ni fundi wa kugonga! Niliona ni ukosefu wa adabu. Muhuri wa bluu uliandikwa “Imepokelewa”, usingefaa. Nikafungua droo, nikatoa mwekundu, nikaupumulia kidogo kama tulivyokuwa tukifanya komini, nikagonga chini ya jumla. Ulitua sawasawa, haukupinda hata kidogo, na mimi nikajisikia vizuri sana.

Mama Neema naye alifanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya. Karatasi yenye kashe nyekundu ni karatasi iliyokwisha kukubaliwa. Kabla ya kuituma Bukavu alipita nayo kwa wakili, mjini, akaionyesha kwa furaha. Karani wa pale akaona muhuri, akaiweka kwenye faili kama cheti. Jumatano wakili mwenyewe akafungua faili. Akakuta karatasi inayosema mama huyu anadaiwa, na chini yake muhuri unaosema hadaiwi.

Faksi yake ilitufikia saa nne asubuhi. Niliisoma ikiwa bado inatoka, mstari mmoja mmoja. Aliandika kwamba anashuku hati imeghushiwa na muuzaji, kwamba amelisimamisha faili, na kwamba asipopata maelezo ataikabidhi kwa polisi. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Nikamwona Mama Neema mbele ya askari, Kiingereza kinamwishia mdomoni. Nikawaona wale wasichana wamekalishwa kwa jirani Nairobi.

Nilienda kwa Auntie Vimla na faksi imejikunja mkononi.

“Auntie, si yeye. Ni mimi niliyeugonga.”

Aliisoma. Alibadilisha miwani, akaisoma tena. “Uligonga mwekundu kwenye barua ya madai.”

“Ndiyo, Auntie.”

“Kwa nini?”

“Heshima.”

“Heshima ya nani, Bahati?”

“Yake. Kwetu karatasi bila muhuri ni kama... ni kama kumkaribisha mtu na usimpe kiti.”

Nilikuwa tayari kufukuzwa. Nilikwisha kuhesabu moyoni vizibao vya njano vilivyokuwa vikiningoja ufukweni. Auntie Vimla hakupiga kelele. Aliikunja ile faksi, akavua kandambili zake za ofisini na kuvaa viatu vya kutokea. Kisha akainua simu.

Alimwambia wakili ukweli wote, kuwa kosa ni la ofisi. Wakili akajibu kwamba ofisi ambayo muhuri wake unagongwa ovyo haiwezi tena kumthibitishia kitu. Angemwamini mtu mmoja tu: mwenyekiti wa wadhamini. Aje mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya saa sita mchana Ijumaa, aseme kwa kinywa chake kwamba muhuri ni kosa letu, na kwamba chama kinakubali dhamana.

Eish. Mwenyekiti alikuwa Mzee Lovell.

Niwaambie huyo alikuwa nani. Fundi wa meli mstaafu, umri umekwenda, magoti yote mawili mabovu, anaishi peke yake ghorofa ya saba. Tangu lifti ife hakuwa ameshuka hata mara moja. Wiki tano! Alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba kutoka kwenye roshani, jirani anatia mkate na maziwa, naye anavuta. Na lifti ilikuwa haijatengenezwa kwa sababu ada maalumu haikutimia, na haikutimia kwa sababu kulikuwa na flati chache ambazo hazijalipa. Mojawapo ilikuwa ya Mama Neema. Kwenye mikutano, aliyoiitisha sebuleni kwake juu, Mzee Lovell alikuwa akisoma orodha ya wasiolipa kwa sauti ya jaji. Dhamana za mawakili alizichukia kuliko mtu yeyote.

Auntie Vimla alimpigia simu Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nasikia upande mmoja tu. Alimweleza muhuri, akamweleza wakili, akamweleza Ijumaa. Akamweleza na wasichana wawili. Kisha akasema “Ndiyo” mara tatu na kuweka simu chini.

“Amesemaje, Auntie?”

“Amesema atafikiri.”

Siku hiyo sikuweza kula. Nilimpitia Mama Neema saluni nikamweleza kila kitu, pamoja na kosa langu. Nilidhani atanipiga na kitana. Alikaa kwenye kiti cha wateja akajifunika uso kwa taulo. Kisha akasema, “Kesho tunaenda kumwona huyo muzungu wa kule juu. Nitapiga magoti, kama ni ile anataka.”

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikutana mlangoni pa jengo, sisi watatu. Auntie Vimla alikuwa na mkoba mkubwa kifuani. Tukaanza kupanda. Tulipofika ghorofa ya pili tukasikia kitu juu yetu. Tok. Halafu kimya. Halafu mtu anahema. Halafu tok tena.

Tukaharakisha. Kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, kwenye kona ya ngazi, alikuwa amekaa Mzee Lovell juu ya kiti cha jikoni. Suti kamili, tai, viatu vimeng’arishwa. Shati lilikuwa limelowa jasho hadi likaonyesha fulana ya ndani. Alikuwa ameanza safari saa kumi na mbili asubuhi, peke yake: anashuka ngazi moja, anashusha kiti, anajishikilia kwenye ukuta, na kila kona anakaa kupumzika. Hakutaka kumsumbua mtu.

Auntie Vimla ndiye aliyepata sauti kwanza. “Mzee, ungengoja tukusaidie!”

“Mngechelewa,” akasema.

Mama Neema alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chini yake. Yale magoti aliyokuja kupiga sijui yalikwenda wapi, alisimama tu akimtazama. Akaniambia nimwulize kwa nini ameshuka, wakati yeye mwenyewe Mama Neema, kwa kutolipa lifti, ni mmoja wa waliomfanya akae juu. Nikatafsiri kwa Kiingereza changu.

Mzee Lovell akatoa leso, akapangusa shingo. “Mimi nimefungiwa wiki tano,” akasema, “na sipendi kabisa. Hao watoto wamefungiwa muda gani?”

“Miaka miwili,” Mama Neema akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza.

“Basi shika kiti,” akasema, akanyoosha mkono kwangu. “Twende.”

Sijui niwaambieje nilivyojisikia. Nimemwona gavana akipita Uvira na magari kumi na mbili na sikunyoosha hata mgongo. Pale ngazini nilisimama wima kama askari mbele ya bendera. Nilikuwa nimemdhania mzee mkali anayependa hela ya lifti kuliko watu, na nikaona aibu iliyochanganyika na kitu kikubwa zaidi, ambacho kwa Kiswahili cha kanisani tungekiita hofu takatifu. Nilimshika kwapa la kulia, Auntie Vimla la kushoto, Mama Neema akatangulia na kiti.

Tulifika kwa wakili saa nne na nusu. Mzee Lovell alikataa kukaa. Alisema yote aliyotakiwa kusema, kwa maneno machache, akimtazama wakili machoni: muhuri ni kosa la ofisi, mama huyu ni mwaminifu, chama kinakubali kulipwa kutoka kwenye mauzo, na lifti itangoja. Wakili akaandika barua ya dhamana, akaisaini mbele yetu. Akaomba radhi kwa Mama Neema, nakiri, na aliiomba vizuri.

Hapo Auntie Vimla akafungua mkoba. Alikuwa na cheti cha kweli, alichokichapa asubuhi hiyo, na muhuri mwekundu ameufunga kwenye leso. Aliweka cheti juu ya meza ya wakili akakinyoosha kwa viganja. Hela ilikuwa haijagusa benki, hata senti. Alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani. Akagonga. Ulipinda kidogo kushoto, na mpaka leo ndio muhuri mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona.

Kurudi juu kulituchukua saa nzima na zaidi. Mama Neema hakumwachia mtu kile kiti. Alikipandisha ghorofa saba, anakiweka, Mzee anakaa, anamfutia jasho kwa kitenge chake, anakiinua tena. Hawakuwa na lugha ya kutosha kuongea, kwa hiyo walihesabu kona pamoja kwa Kiingereza, kumi na nne zote.

Jumatatu yake Auntie Vimla alinipa barua ya onyo, iliyochapwa vizuri, na nakala ya kaboni kwenye faili langu. Alininyang’anya ufunguo kwa mwaka mzima. Nilistahili, na nyinyi ambao huwa mnanung’unika mkipewa onyo, mje niwaonyeshe yangu, nimeitunza. Aliniambia jambo moja tu: “Ukitaka kumheshimu mteja, msikilize hadi mwisho, halafu umwandikie barua inayoeleweka.” Nimejaribu kufanya hivyo tangu siku hiyo, na barua zangu zimekuwa ndefu mno, kama mnavyojua.

Faili lilipita Pietermaritzburg. Jina la daktari likafuatwa na majina ya wale walimu wawili, kwenye kitabu, kwa mpangilio. Wakili alikata ada zetu zote, pamoja na ya lifti, akampa Mama Neema iliyobaki. Alilipa benki, akapanga chumba Pinetown karibu na saluni mpya, akanunua tiketi. Alimwahi yule binamu Nairobi siku nne kabla hajaondoka.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kisha Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye jengo pamoja na mafundi wa lifti, wamefika hatimaye, vyuma vyote vimetandazwa chini, nikasikia sauti za kwetu mlangoni. Mama Neema, na wasichana wawili warefu wembamba waliovaa magauni ya kufanana.

“Lifti bado, Mama Neema,” nikamwambia. “Wiki ijayo.”

“Tutapanda,” akasema.

Nikawafuata. Neema alipanda kimya kimya. Furaha, yule mdogo, alikuwa anahema kufikia ghorofa ya tano, akavua viatu akavibeba mkononi. Mama yao hakuwaeleza wanakwenda wapi. Ghorofa ya saba akabisha hodi, na baada ya muda mrefu mlango ukafunguka. Mzee Lovell alikuwa na pajama na sweta, nywele hazijachanwa.

Mama Neema aliwasogeza mbele, mkono mmoja kwenye kila bega. “Musalimie,” akawaambia. “Ni huyu alishuka.”

Wakapiga goti kidogo, wote wawili, wakampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama wanavyofundishwa watoto kwetu. Mzee aliishika mikono yao, asijue aiachie lini. Akanigeukia mimi.

“Anawaambia nini?”

“Anawaambia ni wewe uliyeshuka.”

Aliwatazama, viatu vya mdogo vikining’inia mkononi, kifua bado kinapanda na kushuka. Akafungua mlango hadi mwisho.

“Waambie wasisimame hapo nje,” akasema. “Waingie wakae.”